Hiyo mikono yako mikubwa ni ya picha tu

Wasee, kuna kitu nimekizungusha kichwani miezi kadhaa bila kukisema. Wengi wenu mlinijua kwa video moja. Ile ya Jumamosi, meza ya kreti za soda, mkono unavunjika. Kama umeitafuta juzi ukaikosa, ni mimi niliitoa. Leo nasema kwa nini, na nikiwa hapo hapo niseme pia kwamba mambo mengi tunayowauzia huku mtandaoni kuhusu nguvu za mieleka ya mikono ni uongo, ama ni ukweli uliokatwa nusu ndio uuzike.

Mimi si kocha. Si daktari. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma na mimi mwenyewe nikiwa nimechoka, wacha nisiwadanganye kwamba ilikuwa karo peke yake. Nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo. Kashikilie hapo, itatusaidia mbele.

Stori iko hivi. Pale tunapokaa Umoja kuna jamaa wa jimu, tumwite Bazu. Mkono wake wa juu ni kama paja langu. Shati haivai ikiwa na mikono, hata Julai kukiwa na baridi ya kukata maskio. Mimi nikaona kontenti. Nikapanga kreti, nikaweka ubao juu, nikatangaza: atakayemlaza Bazu anaenda na thao moja. Watatu wa kwanza walilala kama majani. Wa nne alikuwa mzee anayetuletea maji na mkokoteni. Mwembamba, shati limemzidi mabega. Watu wakacheka.

Bazu akamwambia, "Mzee, utaumia bure."

Mzee akasema, "Shika mkono, kijana."

Haikuchukua sekunde tano. Na si kwamba mzee alimsukuma. Alivuta mkono wa Bazu kuja kwake kidogo, kiganja cha Bazu kikafunguka kama mlango usio na komeo, halafu ukashuka wenyewe. Mzee akachukua thao yake, akarudi kwa mkokoteni, kulikuwa na mtu ghorofa ya nne anapiga kelele ati maji yamechelewa.

Ningekuwa na akili ningefunga simu hapo. Lakini Bazu alikuwa amechomeka, anataka kurudisha heshima, na dogo mmoja wa ploti yetu, miaka 19, akaona kama mzee ameweza na yeye ataweza. Wakashikana. Dogo alikuwa anaenda chini polepole, amekaza, hataki. Watu wanapiga mayowe. Na mimi nyuma ya simu nikapaza sauti: "Dogo, angalia kamera!"

Akageuka. Uso, shingo, bega, vyote vikaja upande wangu. Mkono ukabaki kule kwa Bazu. Kikatoka mlio kama mtu amevunja muwa.

Wengi mliandika kwenye komenti kwamba Bazu ana nguvu za shetani, ama dogo hakuwa anakunywa maziwa. Zote si kweli. Fikiria unavyokamua nguo: mkono mmoja unazungusha huku, mwingine unazungusha kule. Mfupa ulioko kati ya bega na kiwiko ulikamuliwa hivyo. Chini umeshikwa na mpinzani, juu mwili wako mwenyewe unauzungusha ukienda upande mwingine. Ufa hauji kukata moja kwa moja, unauzunguka mfupa. Na nyuma ya mfupa huo, ukiwa umejiviringisha karibu nao kabisa, unapita mshipa wa fahamu unaoinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole. Ukiguswa, kiganja kinaning'inia, huwezi hata kukiinua kusalimia mtu. Hii inatokea kwa vijana wenye afya na mifupa mizima kabisa, mara nyingi kwa yule ambaye ana nguvu za kutosha kukataa kushindwa lakini hajui mwili wake unafaa kuwa wapi. Ukiwa dhaifu kabisa unalazwa tu, unaenda nyumbani.

Dogo aliwekwa chuma na skrubu. Kiganja kilining'inia miezi minne kabla hajaanza kukiinua. Mamake hakunitukana. Alinitazama pale kwa benchi za hospitali akasema kitu kimoja tu: "Na wewe ulikuwa umeshika simu."

Basi, nguvu. Kwa sababu baada ya pale nilianza kusoma hii kitu kwa hasira, na nikagundua karibu kila kitu nilichokuwa nawaonyesha kilikuwa kichwa chini.

Baisepsi kazi yake ni kukunja kiwiko na kuzungusha kiganja kitazame juu. Mezani kiwiko tayari kimekunjwa. Hauhitaji kukikunja, unahitaji kisifunguke. Hiyo ni kazi tofauti. Wewe unayeinua chuma juu chini, juu chini mara kumi na mbili mbele ya kioo unafundisha mkono kutembea, na mezani unatakiwa kusimama pale pale kama nguzo ya stima. Sisemi baisepsi haina maana. Nasema ni mlinzi wa lango la nyuma, na wewe umempa bajeti yote.

Vita vinaanzia kwenye vidole. Nenda gereji yoyote kule Grogan uangalie fundi akikutana na nati iliyokwama. Haongezi misuli. Anatafuta bomba, analivika kwenye mpini wa spana, anashika mwisho kabisa. Nguvu ni ile ile, umbali ndio umeongezeka, nati inalegea. Huo ni wenzo, tuliufanya kwa fizikia, na ni kitu kimoja cha chuo nilichobaki nacho. Sasa, mtu akikushika juu kwenye vidole, mbali na kifundo chako cha mkono, tayari amevika bomba kwenye spana. Kifundo chako kikikunjika kwenda nyuma, mkono wako unafika mbali na kifua, bega na mgongo wako havina tena kitu cha kuvuta, na baisepsi yako nzuri inabaki kupiga picha. Ndivyo mzee alivyomfanya Bazu. Hakujua jina la mtindo, wala hakuhitaji.

Wanaocheza hii kitu kikweli wana njia kama tatu. Kuna kupanda juu ya vidole, hiyo ya mzee. Kuna ndoano, ambapo unakunja kifundo kwa ndani, mnapigana mkono kwa mkono karibu na kifua, na hapo sasa baisepsi na mgongo vinafanya kazi. Na kuna kuweka bega nyuma ya mkono na kusukuma kwenda chini. Zote tatu zinaanza na kiganja ambacho hakifunguki.

Kama hauniamini mimi, amini John Brzenk. Mmarekani, fundi wa ndege kwa kazi yake, uzito wake haukuwa wa kutisha, na kwa miongo kadhaa alilaza watu waliomzidi kilo nyingi sana. Mwaka wa 1986 huko Las Vegas kulikuwa na mashindano makubwa yaliyoendana na ile filamu ya Sylvester Stallone, Over the Top, iliyotoka 1987. Brzenk alishinda kitengo cha madereva wa lori, akaondoka na lori zima. Ukiangalia video zake za zamani utatafuta misuli ya kutisha uikose. Angalia kiganja. Angalia namna kifundo hakisongi. Alafu kumbuka huyo alikuwa anashika spana wiki nzima.

Nilimtafuta yule mzee wa maji pia. Nilidhani ataniambia ugali na kazi ngumu, ile lugha ya wazee. Akaniambia kitu kingine. Akasema kupanda na mkokoteni si kazi, unasukuma tu. Kazi ni kuteremka. Mitungi 20 imejaa, barabara inashuka, kitu kinataka kukukimbia, na wewe uko mbele umekishika kisikulalie. "Hapo mikono haisongi. Inashikilia tu." Amefanya hivyo tangu 2004. Fanya hesabu mwenyewe.

Lakini kabla uende kukodi mkokoteni, aliniambia pia kwamba usiku kiwiko cha kulia kinamuwaka na asubuhi hakinyooki vizuri hadi kipate joto. Kwa hivyo hii hadithi ya "kazi ya mjengo inashinda jimu" naikubali nusu. Kazi inajenga mshiko, ni kweli. Kazi pia haikupi siku ya kupumzika wala haikuulizi kiwiko kiko aje. Wewe una bahati ya kuchagua uzito.

Na hapa ndio wauzaji wanawapiga. "Wiki nne, mkono kama Popeye." Manze. Misuli inapata damu nyingi, ukiilisha na kuichosha vizuri unaona tofauti baada ya wiki chache. Kano, zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwa mfupa, damu yake ni kidogo. Zinajijenga kwa miezi, nyingine kwa miaka. Kwa hivyo unafika mahali misuli inavuta kuliko kano zinavyoweza kubeba, na wewe unajisikia simba. Huo ndio wakati kiwiko kinaanza kuuma upande wa ndani, unapaka dawa, unaendelea, na mwezi unaofuata huwezi kufungua kifuniko cha chupa. Nimepokea jumbe za watu kama hao, wengi wana miaka 17, 18. Walifuata mazoezi niliyoposti mimi. Mimi huyu. Wakati huo nilikuwa nimelipwa 3,000 nishike mkebe wa unga wa protini na kutabasamu. Sikuwahi kuumaliza, nilimpa Bazu. Kwa bei ya huo mkebe ungekula ndengu, omena na mayai boilo mwezi mzima, na tumbo lingekushukuru.

Haya, ukitaka kujenga kitu cha kweli nyumbani, hauhitaji jimu. Tafuta mtungi wa lita 20, taulo ya zamani, mkanda, na nyundo. Maji yana uzuri mmoja ambao chuma hakina: lita moja ni kilo moja, kwa hivyo unaongeza kidogo kidogo unavyotaka. Anza na lita tano. Najua, utaona ni mchezo wa watoto. Anza nazo.

Pitisha taulo kwenye mshikio wa mtungi, ishike na mkono mzima, kigasha kikiwa kimelala juu ya paja ama ukingo wa meza, kiganja kikitazama juu. Kunja kifundo kije kwako, halafu kaa hapo. Usihesabu mara ngapi, hesabu sekunde. Kumi, kumi na tano. Taulo ni nene, vidole vitalia kabla ya kitu kingine chochote, na hivyo ndivyo tunataka.

Alafu mkanda. Ufunge kwenye mtungi, uupitishe juu ya mkono karibu na dole gumba, uangukie upande wa mgongo wa mkono. Uzito utataka kukufungua kiganja kitazame juu, wewe unakirudisha kitazame chini. Hii ndiyo zoezi ambalo hamna mtu wa jimu ya kawaida analifanya, na ndilo lilimlaza Bazu. Nyundo unaishika mwisho wa mpini, mkono umening'inia kando, kichwa cha nyundo kiko mbele, unakiinua kwa kifundo peke yake kuelekea juu upande wa dole gumba. Ukiona nyundo ya kawaida ni nyepesi, ngoja mara ya nane.

Mgongo usiusahau. Taulo ile ile, inama kidogo, vuta mtungi uje tumboni, kifundo kikiwa kimekunjwa hadi mwisho. Hapa unaweza kuweka maji mengi. Mara tatu kwa wiki kwa yote haya inatosha, na siku mbili kati ya hizo usishindane na mtu yeyote. Wiki ikipita bila kiwiko kulalamika, ongeza nusu lita, ile chupa ndogo ya maji. Kikilalamika, punguza. Hakuna aibu, hakuna mtu anakuona.

Najua mtu ataandika hapo chini: "Kwani unatufanya tuogope mchezo wa klabu?" Kwanza si wa klabu. Machi 2024, Accra, Michezo ya Afrika ilikuwa na mieleka ya mikono, na Waghana walivuna medali hadi watu wakaanza kuuliza wanakula nini huko. Pale kuna mwamuzi ambaye anapanga mikono, anasubiri vifundo vinyooke, anasema anza. Kiwiko kikitoka kwenye mto, ni kosa. Mikono ikiteleza, wanafungwa mkanda. Na ukiweka bega lako mahali ambapo mfupa unaweza kwenda, anakupigia kelele ama anasimamisha. Sisi Umoja tulikuwa na ubao, kreti, na fala mmoja mwenye simu.

Kwa hivyo kabla ya kitu chochote cha mtungi na nyundo, jifunze hiki: macho kwa ngumi yako. Kila wakati. Pua yako, kifua chako na mkono wako viangalie upande mmoja. Mkono ukienda, mwili unaufuata. Ukiona mkono umekuwa nyuma ya bega lako, umeshashindwa, achilia, lala, cheka, mpe mtu mkono. Usiruke ghafla kutoka hapo chini ati unataka kurudi kama kwa filamu. Na wewe unayetazama, ukiona mtu amegeuka, usimwambie kaza. Mwambie achilia.

Turudi kwa dogo. Video ilikaa miezi kadhaa. Ndiyo video iliyotazamwa zaidi kwa akaunti yangu, hakuna nyingine inakaribia. Nilijiambia naiacha iwe funzo, nikaandika hata "tahadhari" pale juu. Lakini komenti zilikuwa vijana wanawaita mabeste wao: "wewe hapa," "tujaribu leo," na vikatuni vya kucheka. Hakuna aliyekuwa anafundishika.

Siku moja dogo akaja kwangu. Kiganja kilikuwa kimeanza kuinuka, kidogo. Tukakaa. Nikamwekea chai. Akaniuliza bila hasira yoyote, kama mtu anauliza saa, "Ulipata ngapi kwa mkono wangu?"

Nilijua hesabu kamili, na hiyo ndiyo iliniuma, kwamba nilikuwa naijua bila kuangalia. Nikamwambia: 11,300.

Akatingisha kichwa. Akasema, "Nilidhani ni nyingi."

Nilimtumia zote kwa M-Pesa usiku huo. Si kitu, bili ilikuwa mara kumi ya hiyo na zaidi, mamake bado analipa chama alichokopa. Video nikaitoa kesho yake asubuhi. Kuna watu wameniandikia ati nimepoteza akaunti yangu bora, niirudishe nikate tu ile sekunde ya mwisho. Kama wewe ni mmoja wao, nishakujibu.

Sisemi hivi ndio mnione mtu mzuri. Nilichelewa, na bado natengeneza video, bado nakula kupitia simu. Lakini nimekataa matangazo mawili ya unga tangu hapo, na yale mazoezi ya "wiki nne" nimeyafuta yote manane. Kama uliyahifadhi kwa simu yako, yafute pia.

Jumamosi bado tuko pale, saa kumi jioni. Kreti tulizitoa, fundi mmoja wa mbao alitutengenezea meza yenye mito ya viwiko na vishikio vya mkono wa pili. Bazu anakuja. Ameanza na lita tano kama wengine wote, anachukia, na juzi mzee wa maji alimlaza tena lakini hii mara ilichukua kama nusu dakika. Simu naiweka kwa kisimamio, siishiki, na hakuna mtu anaruhusiwa kuita mchezaji jina. Dogo ndiye mwamuzi. Mkono wa kulia bado hajaurudisha mezani, daktari alisema asubiri, lakini sauti anayo, na ukigeuza bega hata kidogo utaisikia hadi Tena.

Njoo na taulo yako.